Hesabu ya Fundi na Namna ya Kuisoma

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya karatasi moja ndogo ambayo huleta furaha katika nyumba nyingi, na pengine huleta majuto. Karatasi hiyo ni hesabu ya fundi, yaani maandishi ambayo mjenzi humpa mwenye nyumba kabla ya kuanza kazi, kumwambia kazi itakuwa nini na itagharimu kiasi gani. Wengine huita makadirio, wengine huita bei ya kazi. Maneno ni mbalimbali, lakini jambo ni moja.

Mifano yangu nitaitoa Matema, pale pembeni mwa Ziwa Nyasa upande wa kaskazini, katika wilaya ya Kyela. Nimechagua mahali hapo kwa sababu mambo ya ujenzi yaonekana wazi kabisa: ziwa liko mbele, milima ya Livingstone iko nyuma, mvua ni nyingi, na kila mfuko wa simenti husafiri mbali kabla ya kufika. Lakini mtu wa Tukuyu, wa Songea au wa Tanga naye aweza kuyatumia haya nyumbani kwake.

Zamani Wanyakyusa hawakuwa na haja ya karatasi ya namna hii. Kijana alipotaka nyumba, wenzake wa rika lake walimsaidia. Mianzi ilikatwa karibu, nyasi zilikatwa karibu, na malipo yalikuwa chakula, pamoja na ahadi ya kwenda kumsaidia mwenzake siku yake itakapofika. Siku hizi mambo ni mengine. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma na mabati, simenti hununuliwa, na fundi hutegemea kazi yake kupata chakula cha watoto wake. Ambapo zamani palikuwa na ahadi ya rika, leo pana fedha. Na penye fedha, wazee wetu walikwisha kutuonya: mali bila daftari huisha bila habari.

Basi neno langu kuu la leo ni hili, nanyi mlishike: bei ya kazi si ile hesabu kubwa iliyoandikwa chini ya karatasi. Bei ya kazi ni yale mambo yaliyoandikwa juu yake, na zaidi sana ni yale ambayo hayakuandikwa. Kwa kuwa jambo lisiloandikwa halikuondoka. Linakungoja njiani, nawe utalilipia siku ambayo huna tena nafasi ya kuchagua.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mwenye nyumba mmoja Matema. Nyumba yake ni ya matofali, yenye mabati, lakini watoto wamekua na vyumba havitoshi. Amevuna mpunga wake, ameuza na kakao, naye ataka kuongeza chumba kimoja nyuma ya nyumba, kilichoungana na ukuta wa zamani. Urefu wa chumba ni mita 4, na upana ni mita 3. Akawaita mafundi wawili. Fundi wa kwanza akamletea karatasi yenye mstari mmoja tu: "Kuongeza chumba kimoja, shilingi 6,000,000." Fundi wa pili akamletea karatasi mbili zilizojaa maandishi, na mwisho wake jumla ya shilingi 7,500,000. Bei hizo nimezitunga kwa ajili ya mfano, msizichukue kuwa ni bei za soko.

Ndugu wa mwenye nyumba wote wakasema, "Mchukue huyu wa kwanza, atakupunguzia shilingi milioni moja na nusu." Je, ni kweli? Hatuwezi kujua bado. Mtu akinunua chungu, hakitazami rangi peke yake. Hukigonga kwa kidole na kusikiliza kama kina ufa. Vivyo hivyo hesabu ya fundi yapaswa kugongwa, nayo hugongwa kwa maswali. Twende pamoja, swali baada ya swali.

Swali la kwanza: bei hii ni ya ufundi tu, au ni ya ufundi na vifaa? Katika vijiji vyetu aghalabu mwenye nyumba hununua vifaa mwenyewe, na fundi hulipwa kwa kazi ya mikono yake. Wengine humwachia fundi yote mawili. Njia zote mbili ni halali, lakini hazifanani hata kidogo. Karatasi isiposema, mmoja atafikiri hivi na mwingine atafikiri vile, na ugomvi utazaliwa siku ya kwanza simenti itakapokwisha. Tena uliza ni nani atakayewalipa vibarua, ni nani atakayeteka maji, na ni nani atakayeleta mchanga. Haya huonekana madogo, lakini kazi ya simenti hunywa maji mengi kila siku, na mtu wa kuyachota hafanyi kazi bure. Mfano wetu ni wa ufundi na vifaa pamoja.

Swali la pili ni la vipimo. Je, mita 4 kwa 3 ni za ndani ya chumba au za nje? Ukuta wenyewe una unene wake, nao hula nafasi pande zote. Tena angalieni kama fundi ameandika mita au futi, maana futi 10 ni kama mita 3 na sentimita 5, na mtu asiyeangalia aweza kuagiza mbao fupi au bati lisilofika.

Swali la tatu ni la msingi. Karatasi iseme msingi utachimbwa kwa kina gani, kwa upana gani, na utajazwa kwa nini: kwa mawe, kwa matofali, au kwa zege. Nchi ya tambarare ya Kyela ina udongo ulioletwa na mito, nao mahali pengi ni laini. Msingi wa nyumba ya zamani umekwisha kutulia kwa miaka mingi, lakini msingi mpya utashuka kidogo kidogo baada ya kujengwa. Ndiyo sababu nyumba nyingi zilizoongezwa vyumba huonyesha ufa pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani. Kwa hiyo mwulize fundi: "Ukuta mpya utauungaje na huu wa zamani?" Fundi ajuaye kazi atakuwa na jibu, naye hatachukia kuliandika.

Hapo kwenye msingi pana neno jingine, ambalo hesabu ya fundi hailisemi kwa sababu si kazi yake kulisema. Ziwa Nyasa hupanda na kushuka kwa miaka. Katika miaka ya 1979 na 1980 maji yalipanda sana. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa au ukingo wa mto. Basi kabla ya kupatana bei, pima kwanza umbali wako na maji, na uulize katika ofisi ya kijiji na ya halmashauri kama mahali pako pahitaji kibali. Msingi mzuri katika mahali palipokatazwa ni hasara iliyojengwa vizuri.

Swali la nne ni la ukuta, na hapa nawaomba wanafunzi mshike kalamu. Kuta mpya ni tatu, maana ukuta wa nne ni ule wa zamani. Urefu wake wote ni mita 3, na 4, na 3, yaani mita 10. Kimo tuseme ni mita 2.5. Basi eneo ni mita za mraba 25. Toeni nafasi ya mlango mmoja wa nje na madirisha mawili, ambayo ni kama mita za mraba 5. Zinabaki 20.

Sasa mtajuaje idadi ya matofali? Msitegemee kitabu, maana matofali ya kuchoma ya kijiji hiki si sawa na ya kijiji kile. Fanyeni hivi: chorea chini mraba wa mita moja kwa mita moja. Panga matofali yenu ndani yake kama yatakavyoonekana ukutani, mkiacha nafasi ya kidole kati ya tofali na tofali kwa ajili ya udongo au simenti. Kisha hesabuni. Kama tofali lina urefu wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 10, mtapata kama matofali 33. Zidisheni 33 kwa 20, mtapata 660. Ongezeni sehemu moja ya kumi kwa yatakayovunjika, mtapata 726.

Lakini ngojeni. Hesabu hiyo ni ya ukuta mwembamba, wenye unene wa tofali moja lililolazwa kwa urefu wake. Kama ukuta ni mnene maradufu, matofali nayo ni maradufu: 1,452. Mmeona? Karatasi zote mbili zaweza kusema "kujenga ukuta", na moja ikawa imehesabu matofali 700 na kitu, na nyingine 1,400 na kitu. Maneno ni yale yale, lakini nyumba si ile ile. Kwa hiyo unene wa ukuta lazima uandikwe.

Na lipo jambo jingine la ukuta: matofali yataunganishwa kwa udongo au kwa simenti? Udongo ni rahisi, nao umesimamisha nyumba nyingi, ikiwa paa limetokeza vizuri na ukuta umepigwa lipu. Lakini ukuta wa udongo usio na paa, ukipigwa na mvua kubwa za Machi na Aprili, hulainika na kuanguka. Mtu akikuambia bei ndogo ya ukuta, mwulize kwanza ni ukuta wa namna gani.

Swali la tano ni la lenta, yaani ule mkanda wa zege na nondo upitao juu ya milango na madirisha na kuzunguka kuta zote. Watu wengi huona lenta kuwa ni gharama ya bure, kwa sababu haionekani nyumba ikiisha. Lakini sisi twakaa ndani ya Bonde la Ufa, na ardhi yetu hutikisika. Mwezi wa Desemba 2009 mitetemeko ya ardhi ilipiga Karonga, ng'ambo ya mto Songwe katika nchi ya Malawi, ikabomoa nyumba nyingi na kuua watu. Kuta za matofali zisizofungwa pamoja ndizo huachana upesi. Lenta ni kama kitanzi cha mzigo wa kuni: kila ukuni peke yake huanguka, lakini zikifungwa husimama. Basi karatasi iseme lenta ipo au haipo, nondo ni ngapi na za unene gani, na kama itazunguka kuta zote au ni juu ya mlango tu.

Pamoja na hayo, kumbukeni mlango wa kuingilia chumba kipya kutoka ndani. Ukuta wa zamani utatobolewa. Ukitoboa ukuta bila kuweka kitu cha kubeba matofali yaliyo juu yake, matofali yale yatashuka. Kazi ya kutoboa, kuegemeza na kuziba vizuri ni kazi kamili, nayo ina bei yake. Husahauliwa mara nyingi.

Swali la sita ni la paa, na hapa ndipo wengi huanguka. Fundi wa kwanza, alipoulizwa, alisema, "Paa nitaliendeleza tu kutoka la zamani." Ni maneno mepesi, tuyapime. Tuseme pale paa la zamani linapoishia, ukuta una kimo cha mita 2 na sentimita 70. Paa hilo huteremka sentimita 27 kwa kila mita moja. Chumba kina upana wa mita 3, basi paa litateremka sentimita 81 zaidi. Toeni 81 katika 270, zinabaki 189. Yaani ukuta wa nyuma wa chumba kipya utakuwa na kimo cha mita 1 na sentimita 89. Mlango wa kawaida ni wa mita 2 na sentimita 10: haingii! Na ule ukuta wa mita 2.5 tuliouhesabu hauwezi kuwapo chini ya paa la namna hiyo. Kwa hiyo ama paa la zamani litafumuliwa na kuinuliwa, ama chumba kitapata paa lake mbali. Yote mawili ni fedha, na hakuna hata moja katika karatasi ya mstari mmoja.

Kwa mabati, angalieni geji. Wengi hudhani geji kubwa ni bati nene. Sivyo. Geji ikipanda, bati hupungua unene: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Fundi akiandika "mabati" tu, bila geji na bila urefu, hajaandika kitu. Kwa mbao, ulizeni vipimo vyake, na kama zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa. Na mahali paa jipya linapokutana na ukuta au paa la zamani, ulizeni ni kitu gani kitakachozuia maji yasipenye. Kipande kidogo cha bati kilichokunjwa vizuri mahali pale huokoa chumba kizima. Kikikosekana, kila usiku wa mvua mtahamisha vitanda.

Swali la saba ni la sakafu. Chumba chetu kina mita za mraba 12. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10 yahitaji zege la mita za ujazo 1.2. Kama mchanganyiko ni simenti sehemu 1, mchanga sehemu 3 na kokoto sehemu 6, itatumika mifuko ya simenti kama mitano na nusu, ya kilo 50 kila mmoja. Kama mchanganyiko ni 1 kwa 2 kwa 4, itatumika kama minane. Na kama fundi amehesabu unene wa sentimita 5 tu, kwa ule mchanganyiko wa kwanza, mifuko mitatu yatosha. Mifuko mitatu, mitano na nusu, au minane: zote huitwa "sakafu". Ndiyo maana nasema neno moja bila kipimo si hesabu.

Nanyi mlio nyumbani mwaweza kuangalia mchanganyiko kwa macho yenu. Mfuko mmoja wa simenti hujaza kama lita 35. Ndoo yetu ya kawaida ni ya lita 20. Basi kwa mfuko mmoja, mchanganyiko wa 1 kwa 3 kwa 6 wataka ndoo tano na robo za mchanga, na ndoo kumi na nusu za kokoto. Ukiona ndoo 10 za mchanga zimemwagwa juu ya mfuko mmoja, karatasi ilisema moja na mikono imetenda jingine.

Swali la nane ni la safari. Simenti yetu nyingi hutoka kiwandani Songwe, karibu na Mbeya. Hupanda na kushuka milima kupitia Tukuyu, hufika Kyela, kisha hushika njia ya Ipinda mpaka Matema. Bei ya mfuko mmoja Mbeya si bei ya mfuko huo huo mlangoni pako. Mwenye nyumba wetu alipomwendea fundi wa kwanza, walisemezana hivi:

"Fundi, nimeiona karatasi yako, nashukuru. Nina swali moja."

"Uliza, mzee wangu."

"Vifaa hivi, bei yake ni ya dukani au ni mpaka hapa kwangu?"

"Ni ya dukani, mzee. Gari utalipa wewe."

"Mbona hukuandika?"

"Hukuuliza, mzee."

Fundi yule hakusema uongo. Wala hakuwa mwizi. Hakuulizwa, naye hakuandika. Hasara nyingi za ujenzi huingia kwa mlango huo huo.

Sasa tujumlishe. Mwenye nyumba wetu alirudi kwa fundi wa kwanza na maswali yote, wakayaandika yaliyosahauliwa. Gari ya kuleta vifaa, shilingi 450,000. Lenta na nondo, 600,000. Kufumua na kuinua paa la zamani, 700,000. Kutoboa ukuta, na mlango na madirisha pamoja na kuyatia, 500,000. Jumla ya yaliyosahauliwa ni 2,250,000. Ongezeni kwenye zile 6,000,000, mtapata 8,250,000. Fundi wa pili, ambaye aliandika yote hayo tangu mwanzo, alisema 7,500,000. Yule aliyeonekana rahisi amekuwa ghali kwa shilingi 750,000. Lakini msinielewe vibaya: sisemi kwamba bei kubwa ndiyo nzuri daima. Yawezekana maswali hayo hayo yakaonyesha kwamba fundi wa bei ndogo ndiye mwaminifu na mwangalifu. Nasema kwamba hesabu mbili haziwezi kulinganishwa mpaka zimezungumza juu ya kazi moja.

Na hasara si ya mwenye nyumba peke yake. Fundi aliyetaja bei ndogo kupita kiasi, fedha zikimwishia katikati, ataona haya, ataacha kazi na kwenda mahali pengine. Hapo mwenye nyumba atabaki na kuta bila paa, mavuno ya mwaka yamekwisha, na mvua yaja. Familia italala katika nyumba ambayo ukuta wake umekwisha tobolewa. Na fundi naye amepoteza jina lake, ambalo ndilo duka lake. Hesabu iliyo wazi huwalinda wote wawili.

Sasa nitasema machache juu ya mapatano. Kwanza, malipo yaende kwa hatua za kazi, si kwa siku za kalenda. Msingi ukiisha, lipa sehemu yake. Kuta zikifika kwenye lenta, lipa sehemu yake. Paa likiisha, lipa sehemu yake. Usilipe zaidi ya kazi iliyosimama na vifaa vilivyofika. Ni desturi njema kubakiza sehemu moja ya kumi ya malipo ya ufundi mpaka mvua ya kwanza imenyesha juu ya paa jipya. Kama ufundi ni 2,000,000, bakiza 200,000. Lakini jambo hili lipatanwe na kuandikwa mwanzoni. Kumshtukiza fundi mwishoni ni dhuluma.

Pili, iandikwe siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Katika nchi ya Kyela heri kujenga kati ya Juni na Oktoba, wakati mvua zimepungua na fedha za mpunga zimeingia. Tena ulizeni bei ile itasimama mpaka lini, kwa kuwa bei ya simenti na mabati haikai mahali pamoja.

Tatu, kazi ya ziada. Kazi ikiendelea, mwenye nyumba huona jambo jipya: "Fundi, hapa nitolee baraza kidogo." Neno hilo "kidogo" limewaliza wengi. Kanuni iwe hii: hakuna kazi ya ziada itakayoanza kabla bei yake haijaandikwa na wote wawili kutia sahihi. Nawe mwenye nyumba weka akiba yako, kama sehemu moja ya kumi ya gharama yote, wala usiitaje kwa mtu. Chini ya ardhi mna mambo ambayo hata fundi hodari hayajui mpaka amechimba.

Nne, mashahidi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haikatai mapatano ya mdomo. Lakini pakitokea ugomvi, mdomo dhidi ya mdomo ni shida kwa mwamuzi. Andikeni nakala mbili, kila mtu na yake, na mashahidi wawili watie sahihi. Kama kazi ni kubwa, na aliyekuja ni kampuni ijiitayo kandarasi, ulizeni kama imeandikishwa katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997.

Labda yuko msikilizaji asemaye moyoni, "Fundi wangu ni jirani yangu, tena ni ndugu wa mke wangu. Nikimwuliza maswali haya yote, je, hataona kwamba simwamini?" Jambo hili ni la kweli, nami silidharau. Lakini fikirini: ni ugomvi upi ulio rahisi kumaliza kati ya ndugu, ule wa karatasi kabla ya kazi, au ule wa fedha baada ya kazi? Ulizeni kwa adabu. Mkalisheni fundi, mpeni chakula, semeni naye taratibu. Mwambieni: "Bwana fundi, nataka nijue niandae nini, nisije nikakuaibisha katikati ya kazi." Fundi mwema atafurahi, kwa sababu amepata mtu anayeifahamu kazi yake. Akikasirika kwa kuulizwa unene wa ukuta, ni heri amekasirika leo kabla hujamkabidhi fedha.

Nanyi wanafunzi, nina ombi kwenu. Hesabu hizi tulizofanya ni za kuzidisha, kujumlisha na kutoa. Hakuna hata moja iliyo ngumu kuliko zile za darasani. Mzazi wenu akiletewa karatasi ya fundi, kaeni naye. Someni kila mstari kwa sauti. Pimeni chumba kwa utepe. Pangeni matofali chini mhesabu. Mkikuta neno lisilo na kipimo, liwekeeni alama, ili mzazi alipeleke kwa fundi. Kwa njia hiyo mtamsaidia kuliko kumbebea matofali.

Basi, wasikilizaji, nakomea hapa. Kuuliza si ujinga, na swali la leo ni rahisi kuliko ukuta wa kesho. Yeyote mwenye nia ya kuongeza chumba mwaka huu, nawatakieni msingi mgumu, paa lisilovuja, na fundi mtakayeweza kumwalika tena nyumbani kazi ikiisha.